Mtoto wa Muuza Nyama Aliyeacha Nyama

Wadogo zangu mliobaki kwenye chumba cha lishe, siku mliponiaga nilipokwenda pansyo, yaani kustaafu, mlinipa kitenge kizuri, kisha mkaniomba hotuba. Mliona wenyewe: nilisimama, nikalia, nikakaa, nikala keki. Sasa niko nyumbani, asubuhi ni ndefu, na kuku wangu hawataki ushauri wa mtu. Basi acha niandike yale ambayo ningeyasema siku ile kama koo lingekubali. Mambo ya vyeo na mishahara siyaweki humu. Ninyi mnayajua, na hayajazi ukurasa.

Nilifika pale hospitalini Bunia nikiwa msichana mwenye diploma ya uuguzi na bluzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Nilitaka kupelekwa chumba cha upasuaji. Wakanipeleka kwa Mama Veronika, mwuguzi mzee aliyesimamia lishe, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye mahali wengine walipochomeka kalamu mfukoni yeye alichomeka mwiko. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka miwili hivi, miguu kama vijiti. Mama yake alisema mtoto anakataa kula. Mimi nikaanza: kwa nini hukumleta mapema, kwa nini uliacha kumnyonyesha, kwa nini hivi, kwa nini vile. Yule mama akainama, wala sikupata tena neno kutoka kwake.

Mama Veronika aliningoja mpaka mama yule akatoka kwenda kuchota maji.

“Josefina,” akasema, “‘kwa nini’ ni swali ya polisi. Siye hapa tunaulizaka: jana alikula nini?”

Nikamwuliza yule mama swali hilo aliporudi. Akainua uso. Akaeleza yote, uji mwepesi wa asubuhi, ndizi moja, maji, na katikati ya maelezo, bila mtu kumwuliza, akatuambia na sababu. Nilifanya kazi maisha yangu yote kwa swali hilo moja. Mengine niliyosoma shuleni yalisaidia pia, lakini si sana.

Vyombo vyetu mnavijua. Mizani ya kuning'inia, ambayo kila mtoto wa Bunia akiwekwa ndani anaona ni lazima akojoe, na kwa kawaida anamkojolea mwuguzi. Kamba ya rangi ya kupimia mkono. Na ile sufuria kubwa ya maonyesho ya mapishi, iliyobonyea upande mmoja. Katika miaka mibaya, watu walipokimbilia mjini wakiwa na godoro kichwani na watoto mgongoni, sufuria ile ilitibu wengi kuliko kabati la dawa. Nyama haikuwapo. Tulisimamisha watoto kwa mahindi, soya, karanga na majani. Niliwaona kwa macho yangu wakiota mashavu, wakianza kupigana, wakianza kuiba karanga za wenzao, na hapo tukajua wamepona. Ubaya ni kwamba watu walikiita chakula cha shida. Shida ilipopungua, walikikimbia kama mtu anavyomkimbia ndugu aliyemkopesha.

Vijana hawakuletwa kwetu hata kidogo. Mtoto mdogo anapimwa, mama mwenye mimba anapimwa, lakini aliye na miaka kumi na mitatu au kumi na sita anaachiwa Mungu. Anakula kama lori linalopakiwa mizigo, anarefuka, nguo zinamkataa, na wote wanafikiri kazi imekwisha. Kumbe ndipo mwili unapojenga, na msichana ndipo anapoanza kupoteza damu kila mwezi. Mimi pia nilijifunza hayo kwa kuchelewa, na aliyenifundisha alikuwa mtoto wa muuza nyama.

Baba yake aliitwa Papa Kasereka. Familia ilihamia kutoka Butembo, na yeye alikuwa na meza ya nyama sokoni iliyojulikana na watu wote, mwanamume mpana mwenye kicheko cha kusikika mbali. Asubuhi aliyokuja kwetu hakucheka. Aliingia chumbani akimshika mkono binti yake wa kwanza, Masika, msichana wa miaka kumi na tano, mrefu, mwenye sare ya shule na macho yaliyotazama viatu.

“Mama Josefina, unipimie huyu mutoto. Iko mugonjwa.”

“Anaumwa wapi?”

“Haumwe pahali. Anakatalaka nyama.”

Alisema hivyo kwa sauti ambayo mwingine angesema “anatapika damu.” Siku iliyotangulia Masika alikuwa ameanguka kwenye mstari, shuleni, wakati wa kupandisha bendera. Wenzake walimbeba, prefe, mkuu wa shule, akamwita baba, na baba akaona hapo ndipo pa kumaliza ugomvi uliokuwa nyumbani tangu likizo.

“Miye niko muuza nyama, mama. Nyama njo ilijenga nyumba. Nyama njo inamulipiaka minerval ya masomo. Na yeye anaiweka pembeni ya sahani sawa jiwe!”

Nikamgeukia msichana. “Masika, jana ulikula nini?”

Akashangaa kidogo. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa lile swali lingine.

“Asubuhi chai,” akasema. “Ku masomo mandazi moja. Mangaribi bugali na supu.”

“Supu ya nini?”

“Ya nyama. Ninaacha nyama, ninachovya kidogo. Siku zingine ninakula bugali na chumvi.”

“Na maharagi?”

“Kwetu hatupikake maharagi, mama. Baba anasemaka ni chakula ya internat, ya batoto banalalaka ku masomo.”

Papa Kasereka akakohoa, akatazama dirishani.

Nilivuta kope la chini la Masika. Ndani palikuwa peupe kama muhogo uliomenywa. Viganja vilevile. Nikampeleka labo apimwe damu, na jibu likarudi kama nilivyofikiri: damu ilikuwa kidogo.

“Unaona!” Papa Kasereka akapiga paja lake. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, kisha akakumbuka kwamba aliyeshindwa ni mtoto wake, uso ukambadilika. “Sasa mama, umuambie akule nyama.”

“Papa, damu imepunguka kweli,” nikamwambia. “Lakini haikupunguka juu ameacha nyama. Imepunguka juu hakuna kitu kilichoingia mahali ya nyama.”

“Kitu gani kinaweza kuingia mahali ya nyama?”

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa moyo wote, na nikaona kwamba mtu huyu hajawahi kufikiria jambo hilo hata siku moja.

Nikamwomba atuache kidogo. Alipotoka sikumwuliza Masika chochote. Nilipanga vidonge vyangu, nikafuta meza, nikaifuta tena. Mwishowe akasema mwenyewe.

“Mama, ng'ombe zinafikaka kwetu Ijumaa. Zinalala mu parsel, nyuma ya nyumba. Miye njo ninazipatiaka maji. Zinanijua. Nikifika na ndoo, zinakuja. Sichukie baba. Sisemi batu baache. Miye tu siwezi tena.”

Jioni ya jana yake mimi nilikuwa nimekula mbuzi, na nilimfurahia. Sikuona haya, lakini nilimwelewa huyu mtoto. Nikamwambia: “Basi usile. Lakini kukataa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kula. Ukiacha nyama ukabaki na chumvi, utaanguka tena, na baba atakuwa na haki.” Akaitika kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

Nje, kwenye benchi, nilimkuta baba ameshika kofia mkononi, na huko ndiko nikasikia jambo lililomsumbua kweli.

“Mama, ku soko batu banacheka. Ule mwenzangu wa meza ya ngambo iko anawaambia bateja: ‘Hata mutoto yake haikulake nyama yake, muulize iko na nini!’ Bateja bananikimbia. Mutoto wangu anafunga meza yangu bila kugusa hata kisu.”

Kumbe! Mtu anakuja na mtoto, anataja ugonjwa, kumbe ana jeraha lake mwenyewe. Tukapatana hivi: vidonge vya damu alivyoandika daktari, chakula nitakachoelekeza mimi, mpaka mwisho wa trimestri, muhula ule wa shule. Damu ikipanda, Masika aachwe. Isipopanda, atakula nyama, la sivyo atatolewa shuleni aende kwa shangazi yake Butembo, “ule hachezake na mutoto.” Masika, aliyekuwa ametoka akasimama nyuma yetu, alisikia neno la kutolewa shuleni. Alikuwa wa kwanza darasani kwao. Alishika ukingo wa benchi lakini hakulia.

Nilikwenda kwao, mtaa wa Rwambuzi, wiki ileile, nikiwa na mfuko wa karanga, soya na majivuno. Mama yake, Mama Masika, alinipokea vizuri, akanipa kiti na chai, akanisikiliza mpaka mwisho nilivyopanga chakula cha binti yake siku kwa siku. Kisha akanionyesha jiko lake la makala, yaani la makaa.

“Mama Josefina, unataka nipike mara mbili? Jiko iko moja. Makala iko moja. Na miye niko moja.”

Wadogo zangu, likumbukeni jiko hilo mnapotoa ushauri. Mtoto mmoja akibadili chakula, anayebadilishiwa kazi ni mama. Nilikunja mpango wangu mzuri, tukaanza upya, sisi wawili na Masika. Tukakubaliana kwamba sufuria kubwa iwe ya wote: leo maharagi na mafuta ya mawese, kesho sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa na kupikwa na karanga, kesho kutwa lengalenga, ndiyo mchicha, na njegere. Nyama iwe kwenye sufuria ndogo, iwekwe mwisho makala yakiwa yamepungua, anayetaka ajichotee. Hakuna atakayekula chakula cha mgonjwa, wala hakuna atakayepikiwa peke yake.

Nilimfundisha Masika yale yanayosahauliwa. Maharagi yalale majini, na maji yale yamwagwe. Pamoja na maharagi au majani ule kitu chenye ukali kidogo, ndimu, chungwa, marakuja, nyanya mbichi, kwa sababu ndicho kinachofungulia damu mlango. Chai isinywewe juu ya chakula, ingoje. Avoka na bugali ni ndugu. Maziwa na mayai hakuyakataa, nikashukuru, maana anayeacha hata hayo lazima aonwe na daktari apewe vitamini ambayo majani hayana. Masika aliuliza maswali mpaka chai yangu ikapoa. Kaka yake mdogo, Kambale, aliuliza swali moja tu, kama avoka inaweza kuliwa na sukari. Inaweza.

Halafu ikaja soya.

Soya ni chakula cha ajabu, lakini haipendi haraka. Inalowekwa, inatolewa maganda, inachemshwa sana, au inakaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Siku hiyo mvua ilinyesha, makala yalikuwa mabichi, watoto walikuwa wanalia njaa, na Mama Masika akaona imeiva. Ilikuwa haijaiva. Na kwa kuwa sufuria ilikuwa ya wote, walikula wote.

Kesho yake Papa Kasereka alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua dirisha.

“Mama,” akasema kwa heshima kubwa, “unaona hii tumbo? Usiku muzima, siye wote, tulikuwa fanfare. Miye nilipiga ngoma kubwa, mama ya batoto alipiga tarumbeta, Kambale alikuwa anachekaka na kupiga. Hata mbwa ilihama.”

Nilijaribu kubaki mwuguzi. Niliuma mdomo, nikatazama mizani, nikafikiria msiba. Haikusaidia. Nilicheka mpaka nikashika meza, na akina mama waliokuwa kwenye foleni, waliosikia kila neno, wakapiga vigelegele. Papa Kasereka alitutazama sote, akataka kukasirika, akashindwa, na ndipo kile kicheko chake kikatoka, kikubwa, kikajaza ukumbi. Nadhani ni siku hiyo tulipokuwa marafiki. Nilimwandikia namna ya kupika soya, akasema ataisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya sufuria.

Wiki zikapita. Mama Masika aliikamata kazi kuliko nilivyotarajia. Alianza kuisaga soya iliyokaangwa na kuichanganya kwenye sombe, akavumbua vidonge vya maharagi vya kukaanga na kitunguu na pilipili, ambavyo mimi sikumfundisha. Papa aliendelea na nyama yake. Sikumwomba aiache, wala Masika hakumwomba. Lakini mama aliniambia kwamba siku hizi anachota kwanza sufuria kubwa, halafu ndogo, na hapo zamani hapakuwa na kubwa. Mimi mwenyewe niliiga vile vidonge nyumbani. Mume wangu aliuliza kama amebadilishiwa mke.

Mwisho wa trimestri walikuja wote watatu, wamevaa kama wanakwenda kanisani. Masika alikuwa na rangi nyingine, hata kabla ya labo niliona. Lakini muuza nyama anataka mizani, kwa hiyo tukapima. Karatasi iliporudi, Papa Kasereka aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

“Imepanda?”

“Imepanda.”

“Bila nyama?”

“Bila nyama.”

Akavua kofia. “Basi, ni nguvu ya Mungu.”

“Ya Mungu na ya maharagi,” Mama Masika akasema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu yeye ndiye aliyeyapika. Masika alikuwa ameshika mkono wa mama yake kama mtoto mdogo. Mwaka ule alibaki shuleni, na akawa wa kwanza tena.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kliniki. Lakini damu ilipanda huku meza ya sokoni ikiendelea kushuka. Maneno ya mtu wa ngambo hayakupimwa labo. Wateja walipita mbele ya Papa Kasereka, wakasalimu, wakaenda kwa mwingine. Mara mbili alimwambia mkewe kwamba labda wahamie mji mwingine. Masika alisikia, na hakuniambia alichopanga. Nilikuwapo kwa bahati tu, Jumamosi asubuhi, nimekwenda kununua nyama ya wageni. Ndiyo, mimi mama wa lishe. Nyama naila.

Soko lilikuwa limejaa. Yule wa ngambo alikuwa anapiga kelele zake za kawaida, na alipoona Masika anapita na kikapu cha lengalenga akaongeza sauti: “Muangalie! Muulize mutoto juu ya nini haikulake!”

Masika alisimama. Nilidhani atakimbia. Akaweka kikapu chini, akapanda juu ya kreti ya bia iliyokuwa pembeni ya meza ya baba yake.

“Bamama, bapapa, munisikilize. Miye njo ule mutoto. Ni kweli, miye sikulaka nyama.”

Papa Kasereka alibaki na kisu hewani.

“Sikulaka ya hapa, sikulaka ya ngambo, sikulaka ya Noeli. Ni roho yangu, hakuna ugonjwa. Lakini hii meza, miye njo ninaoshaka kila siku na maji ya moto. Ng'ombe ya baba ninajua ilitoka wapi na ilikunywa maji gani, juu ni miye niliipatia. Kama siku moja ningerudilia nyama, ningekula ya baba.” Akageuka polepole, akanyoosha kidole. “Ya ule papa, hapana. Meza yake iko na inzi.”

Sijui nani aliyecheka kwanza. Najua tu kwamba soko lote liligeuka kutazama meza ya ngambo, na yule bwana, bila kufikiri, akaanza kupunga kitambaa kufukuza inzi, na hapo ndipo watu walipoanguka kwa kicheko. Wauza nyanya walishikana. Motari mmoja alizima pikipiki ili acheke vizuri. Hata mwenye inzi mwenyewe alicheka mwishowe; angefanya nini? Papa Kasereka aliweka kisu chini, akafuta macho kwa aproni, akayafuta tena, na mabega yalikuwa yanacheza, lakini mimi niliyesimama karibu niliona kwamba haikuwa kucheka peke yake.

Mama mzee mmoja alisukuma watu akafika mbele. “Kasereka, unikatie kilo,” akasema. “Na weye mutoto, shuka hapo, unieleze ile sombe. Miye meno yangu haiwezi tena nyama, na batukuu banaimaliza.”

Nyama yote iliisha kabla ya saa sita. Nilipata kipande cha shingo, na nilibahatika.

Baada ya siku hiyo vijana walianza kuja kwenye chumba chetu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. “Mama, siye pia tunataka sawa Masika.” Mmoja alitaka kwa sababu ya mchezaji wa mpira aliyempenda. Mwingine kwa sababu ya kanisa lao. Wawili, mapacha, kwa sababu walikosana na jogoo wao halafu wakapatana naye. Niliwapokea wote, nikawauliza swali la Mama Veronika, nikawaita mama zao, na baba zao walipokubali. Alikuwapo pia msichana mmoja aliyesema ameacha nyama, lakini nilipouliza anakula nini alianza kutaja vitu vingine alivyoacha: mafuta, bugali, karanga. Alitaka kuwa mwembamba, na alikuwa anatoweka. Hilo ni jambo jingine kabisa, msilichanganye. Kijana aliyeacha nyama kwa moyo wake atakuambia kwa furaha anachokula. Yule anayekimbia chakula atakuambia tu asichokula. Wa pili huyo usimpe mapishi. Mpeleke kwa daktari, kaa karibu na mama yake, na usichoke. Msichana yule tulimpata, ilichukua muda, na leo ananisalimia njiani akiwa na mashavu.

Sasa niwaambie la mwisho, halafu niende kuwafungia kuku.

Masika alimaliza shule, akasoma kilimo hapa mjini, na mwaka huu akachumbiwa na kijana mmoja mwalimu kutoka Mahagi. Niliitwa kwenye siku ya mahari, kama mama wa tatu au wa nne, sijui. Familia ya mwanamume ilifika na lori, na kwenye lori mlikuwa na mbuzi, maana kwa watu wa Papa Kasereka mahari bila mbuzi ni salamu tu. Mbuzi wakashushwa wakipiga kelele, wazee wakakaa, maneno yakaenda vizuri, mpaka msemaji wa upande wa mwanamume akasema wachague sasa wawili wa kuchinja, ili watu wapate kula.

Masika alikuwa ndani. Akatuma shangazi yake yule wa Butembo, asiyecheza na mtoto. Shangazi akasimama mbele ya wazee wote, akasafisha koo.

“Bibi-arusi amesema hivi: mbuzi za dote yake, hizi za mahari, hazichinjwe. Hata moja.”

Manung'uniko yakavimba. “Mbuzi ya dote haichinjwe? Sasa siye tutakula nini? Tumetoka Mahagi!” Mzee mmoja akauliza kama ni dharau. Kijana mwenyewe, bwana-arusi, alitazama chini akitabasamu. Inaonekana yeye alikwisha kujua. Watu wote wakageuza shingo kumtazama Papa Kasereka, kwa sababu kama yuko mtu Bunia anayejua kazi ya mbuzi, ni yeye.

Akainuka taratibu. Ameongezeka, na mvi zimeingia.

“Bakwe zangu,” akasema, “musiogope. Nyama iko. Imetoka ku meza yangu, nilijua huyu mutoto, njo maana niliitayarisha tangu asubuhi. Na sufuria ya mama yake iko, mutaona wenyewe gani itaisha mbele. Lakini mbuzi, mutoto amesema. Na miye nilijifunza: huyu akisema, unachukua kiti unakaa.”

Wakacheka, wakapiga makofi, tukaimba, tukala. Kwa habari yenu, sombe iliisha kwanza, lakini ugomvi wa kipande cha mwisho cha nyama ulikuwa mkubwa zaidi, kwa hiyo tuseme walitoka sare. Nilicheza mpaka goti likanikumbusha umri wangu.

Mwezi uliofuata nilipita Rwambuzi kuwasalimu. Masika amekwenda kwa mume wake, lakini mbuzi wamebaki kwa baba, kama ilivyo desturi. Nilimkuta Papa Kasereka nyuma ya nyumba, gumboti miguuni, ameshika panga na mzigo wa majani. Majirani waliniambia kwamba sasa watoto wa kartie, wa mtaa mzima, wanapanda ukuta kumtazama muuza nyama anavyochunga mbuzi ambao hawezi kuwachinja, wala kuwauza wasije wakachinjwa na mwingine, na ambao wanazaa. Aliniona, hakusalimu hata, akanishika mkono akanivuta mpaka kwa mbuzi mmoja mweusi mwenye tumbo.

“Mama Josefina, Mungu amekuleta. Huyu iko na mimba, na tangu jana anachagua-chagua majani. Weye uko mutu ya nutrisyo. Mbuzi mwenye mimba anakulaka nini?”

“Papa Kasereka,” nikamwambia, “miye niko ku pansyo.”

Alicheka kile kicheko chake mpaka mbuzi wakakimbilia ukutani, kisha akakohoa, akapunguza sauti ili asiwatishe, akapiga magoti kwenye matope, na akaanza kumchagulia yule mweusi majani laini, moja moja, kwa mkono.